Miswada minne ya mapenzi: shajara ya mradi, Moshi

Januari

Tumeanza. Tuko wanne, kila mmoja ana mswada wa riwaya ya mapenzi uliokamilika au unaokaribia, na kila mmoja ameshakataliwa na mchapishaji. Tumekubaliana kwamba kufikia Desemba, watu wakianza kupanda kuja kula Krismasi huku kwetu, miswada yote iwe imeshafika kwa wahariri wanaoweza kuipokea, na kila jibu litakalorudi lisomwe na sote wanne. Hilo la pili ndilo lililonivuta niingie. Barua ya kukataliwa, ukiisoma peke yako usiku, inakuambia mambo ambayo aliyeiandika hakuyawaza.

Wenzangu ni hawa. Mwalimu, mstaafu wa Rau, ndiye mkubwa wetu na sebule yake ndiyo ofisi. Dada mwenye saluni karibu na soko la Mbuyuni anaandika akishafunga, baada ya kufagia nywele. Mdogo wetu ni mpagazi wa Mlima, anaandika kwenye simu akiwa kambini. Mimi ni karani wa duka la pembejeo.

Mwalimu amenunua kaunta buku ya kwaya tatu na kuipiga mistari kwa rula: jina la mswada, ulikopelekwa, tarehe, walichoomba (sura tatu za mwanzo, muhtasari, au mswada mzima), walichojibu. Kisha kaongeza safu moja upande wa kulia na kuiandika juu yake: "Jibu linahusu nini?" Nilimuuliza tutaijazaje. Akasema tutajua tukianza kusoma.

Februari

Jumamosi yote imeishia kwenye barua za zamani. Chache ni barua kweli, zenye mhuri. Nyingi ni barua pepe za mistari miwili. Tumezisoma kwa sauti, kila mtu akisoma ya mwenzake, maana Mwalimu anaamini hakuna mtu anayeweza kusoma barua yake bila kuitia chumvi. Tumeona leo kwamba ni kweli. Muda wote tangu nimfahamu, Dada amekuwa akisema mswada wake uliambiwa ni wa kihuni. Mdogo alipousoma ujumbe wenyewe, hakuna hata mstari mmoja wenye maana hiyo. Unasema hadithi inasomeka vizuri lakini haiingii kwenye mpango wao wa uchapishaji kwa sasa.

Lakini Dada alikuwa ameshaifanyia kazi ile hukumu ambayo hakuna aliyeitoa. Aliyatoa mapenzi karibu yote, akaweka sura nzima ya mafunzo ya maadili. Miongoni mwa alivyovitoa kulikuwa na ukurasa ambao mimi nauona ndio moyo wa kitabu chake: msusi anamwosha nywele mama wa makamo aliyeingia kutoka mvuani, anamkanda kichwa taratibu, wanaongea mambo ya watoto na ada, mama anasinzia mikononi mwake. Wote wawili hawajui kwamba huyo ndiye mama wa kijana anayempenda msusi. Tumemwomba aurudishe. Amesema bado anao kwenye flashi.

Hapo ndipo safu ya Mwalimu ilipopata kazi. Tumeamua kuandika S pale jibu linapohusu soko, na M pale linapohusu mswada. Naliandika hili kwa urefu kwa sababu nadhani ndilo linalowaumiza waandishi wengi wa aina yetu bila wao kujua. Mchapishaji wa vitabu hapa nchini anaishi kwa shule. Riwaya yenye uhakika wa kuuzika ni ile inayosomwa darasani, maana kila mwaka kuna kidato kipya cha kuinunua. Na tangu Serikali ilipoirudishia Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) kazi ya vitabu vya kiada, wachapishaji binafsi wamebanwa zaidi, kila shilingi inahesabiwa kabla ya kwenda mtamboni. Riwaya ya mapenzi ya watu wazima haiendi darasani. Mhariri anaweza kuipenda, akaisoma kwenye basi hadi akapitiliza kituo, na bado asiweze kuitetea kwenye kikao cha ofisi yake. Jibu la namna hiyo halishikiwi kalamu. Ukianza kuupasua mswada kwa sababu ya jibu la S, unatibu mguu ambao hauumwi.

Katika barua zote tulizozisoma leo, nyingi zimeingia S. M ni chache, na hizo tumeziweka kwenye bahasha yake.

Machi

Jibu langu limefika. Ni hapana, na ni M.

Mhariri ameandika aya nzima, na ninamshukuru kwa dhati kwa aya hiyo ingawa siku ile sikuweza kula. Anasema lugha ni nzuri, Moshi inaonekana, lakini wapenzi wangu wanakutana, wanapendana, na hakuna kinachowazuia. Safari ya kijana kwenda Dar es Salaam nimeibandika katikati ili kitabu kiwe kirefu. Nilifunga duka nikashuka kwa miguu kutoka kipilefti cha Mnara wa Saa badala ya kupanda daladala, nisifike nyumbani mapema nikaulizwa nina nini.

Wenzangu walipoisoma Jumamosi hawakuniambia "pole, vumilia". Mwalimu aliuliza swali moja: huyu binti wako anafanya kazi gani? Nikasema ni muonjaji wa kahawa. Akasema, basi kikwazo chako kipo ofisini kwake, mbona hujaenda kukichukua?

Ni kweli kipo. Moshi ndiko makao ya Bodi ya Kahawa na ndiko mnada wa kahawa ulikozoeleka. Kabla kahawa haijapata bei lazima ionjwe. Sampuli inakaangwa, inasagwa, inamiminiwa maji ya moto, inaachwa dakika chache hadi povu na unga vitande juu ya kikombe. Muonjaji anainama, anaupasua ule utando kwa kijiko huku akinusa, kisha anavuta kijiko kwa kelele ili kahawa isambae ulimi mzima, anatema kwenye chombo, anasogea kikombe kinachofuata. Kikombe kina namba tu, jina la mkulima halipo. Nilikuwa nayajua yote haya kwa sababu baba mdogo analima Kibosho na amenieleza tangu utotoni, na kwenye mswada nilikuwa nimeyaweka kama pambo la sura ya kwanza.

Mwanzo wa zamani ulikuwa macho yao yakigongana kwenye ngazi za ofisi. Mwanzo mpya ni huu, nimeuandika mara moja na sijaugusa tena:

"Alivuta kijiko cha pili, akaiacha kahawa itembee ulimini, akatema. 'Imechacha,' alimwambia karani. 'Shusha daraja.' Karani akaandika mbele ya namba kumi na nne. Hapakuwa na wa kumwambia kwamba namba kumi na nne ndiyo yale magunia aliyoyakalia jana jioni kule Kibosho, akimsikiliza mwenye shamba anavyocheka."

Sasa ana jambo la kumficha mtu anayempenda, naye kijana ana deni la mbolea alilotarajia kulilipa kwa kahawa hiyo. Safari ya Dar es Salaam nimeifuta yote.

Baba mdogo aliniambia kitu nilichokaa nacho wiki nzima. Kahawa ikishushwa daraja, mkulima anaweza kujua sababu: imechacha kwa kukaa sana kwenye maji, imepata unyevu, imefyonza harufu ya moshi ghalani. Msimu ujao anarekebisha. Sisi tunaletewa "haiendani na mpango wetu" kwa kosa na kwa lisilo kosa. Ninajua wahariri ni wachache na miswada ni mirundo. Hata hivyo mstari mmoja wa sababu ungetosha. Kwa mstari mmoja mtu anaweza kuamua kama ashike kalamu au ashike nauli ya kwenda posta.

Aprili

Masika imekolea, njia ya Rau ni tope, tumekutana mara chache.

Mwalimu anataka kujaribu tuzo. Tarehe 13 Aprili ni siku aliyozaliwa Mwalimu Nyerere, mwaka 1922, na ndiyo iliyochaguliwa kutolea Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. TET ndiyo inayoiratibu. Ipo pia ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na sasa inaitwa Safal-Cornell. Riwaya ina nafasi katika zote mbili. Dada ana wasiwasi kwamba majaji watayadharau mapenzi. Mwalimu alimjibu kwa ukali kidogo kwamba hakuna riwaya kubwa anayoikumbuka ambayo ndani yake hakuna mtu anayemtaka mtu.

Mei

Mdogo wetu amekataliwa, na amekataliwa vibaya.

Mwezi kama huu wageni ni wachache mlimani kwa ajili ya mvua, kwa hiyo hana kazi, yuko nyumbani Pasua na simu yake. Ujumbe umemfikia na ndani yake kuna jina la mswada mwingine. Mtu alinakili jibu la mwandishi mwingine akasahau kubadilisha. Tumelitafutia herufi kwenye safu yetu tukakosa, kwa sababu si soko na si mswada. Mwalimu ameandika "Halijajibiwa" na kulipigia mstari chini. Nimependa alivyofanya hivyo. Kwenye kitabu chetu mswada wa huyu kijana haujakataliwa.

Yeye lakini alishaamua. "Dada zangu, mimi naacha." Hakulia wala hakugomba, ndiyo maana tuliogopa.

Dada wa saluni akamwambia njoo kesho nikunyoe. Nilikuwepo kwa sababu nilikwenda kusukwa. Alimkalisha, akamfunga kitambaa shingoni, na kabla hajawasha mashine akamwambia, "Nisomee ile ya Horombo, mikono yangu ina kazi." Akasoma. Ni sura ambapo wapagazi wamefika Horombo, mita 3,720, baridi kali, na binti wa Marangu aliye kwenye safari yake ya kwanza amekataa kusaidiwa mzigo njia nzima. Usiku anaamka na kukuta mtu ameziweka soksi zake zilizolowa karibu na jiko la mpishi, zimekauka, zimekunjwa. Anajua ni nani. Haongei kitu. Asubuhi anazivaa mbele yake.

Mashine haikuwashwa. Waliokuwa kwenye draya walizima draya. Alipofika mwisho wa sura, mama mmoja mwenye rola kichwa kizima alisema binti asimkubali haraka, maana huyo kaka alimtukania baba yake kule mwanzo na bado hajapeleka sale. (Kwa wasio wa huku: sale ni jani la kuombea radhi, Mchaga akiletewa hilo si rahisi kukataa.) Mwingine akasema sale ya nini, soksi ni zaidi ya sale. Wakabishana hadi wateja wawili wakachelewa daladala. Mdogo wetu alikaa na kitambaa shingoni akiwaangalia mmoja mmoja. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kazi, kama ni bora sale ije kabla au baada ya harusi ya rafiki yao.

Ameandika usiku huohuo. Sale imeingia.

Julai

Baridi ya Moshi ya mwezi huu haitaki maneno mengi, tunakutana tukiwa na masweta na chai ya tangawizi.

Mwalimu, aliyesoma sana vitabu vidogo vya mapenzi vya Mills & Boon ujanani (kampuni ya mwaka 1908, kwa hiyo hata bibi zetu wangeweza kuvisoma kama vingewafikia), ametuletea habari ya chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Uingereza. Kilianzishwa mwaka 1960, na mapema katika miaka hiyo kikaanzisha mpango wa waandishi wapya: ambaye hajachapishwa analeta mswada, unasomwa na mwandishi aliyechapishwa, anarudishiwa ripoti. Maana yake ni kwamba hata kule ambako vitabu vya mapenzi vinajaza rafu, waliona mwandishi mpya anahitaji mtu wa kumwambia sababu. Karibu zaidi na sisi, Nijeria ilipata Ankara Press mwaka 2014, tawi la Cassava Republic la riwaya za mapenzi tu, na kwa Siku ya Wapendanao ya 2015 wakatoa hadithi fupi pamoja na tafsiri za lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Kwa hiyo inawezekana mchapishaji wa Kiafrika akayaweka mapenzi mbele, wala si kwa aibu.

Tumeanza ripoti zetu. Kila mtu anasoma mswada wa mwenzake mzima na kuandika kurasa mbili: wapi nilisimama, wapi nilitaka kujua zaidi, kipi kinawazuia hawa wawili. Pongezi zinakaa mwisho na zisizidi mistari mitatu.

Septemba

Hapa pana ubishi na haujaisha.

Dada ameanza kuuza riwaya yake kwa WhatsApp, sura kwa sura. Wasomaji wa kwanza ni wale wa saluni. Anatuma sura mbili bure, kisha anayetaka kuendelea anatuma hela kwa simu na kuingizwa kundini. Kila Alhamisi jioni watu wanangoja, na akichelewa wanamtumia sauti za kumgombeza. Ule ukurasa wa kuosha nywele umewaliza. Mmoja alituma ujumbe wa sauti akisema amempigia mama mkwe wake baada ya kuusoma. Pesa inayoingia si ya kujengea, lakini imelipa umeme wa saluni na imelipa kuchapa mswada wa Mdogo pale steshenari.

Mwalimu hapendi. Hoja yake si ya dharau: wachapishaji wengi na mashindano mengi wanataka kazi ambayo haijatoka popote, na sura ikishasambaa huwezi kuirudisha. Dada anajibu kwamba mswada wake ulipata S kila ulikokwenda, na kama tatizo ni soko, basi ameamua kwenda kulitafuta mwenyewe. Mimi niko upande wa Dada kwa mswada wake, na upande wa Mwalimu kwa wangu, kwa sababu wangu unazungumziwa bado na mhariri. Herufi ya safu yetu inapaswa kuamua njia, nadhani.

Wizi umetukuta mapema kuliko tulivyotarajia. Sura zake zimeonekana kwenye kundi jingine, jina lake limefutwa, namba ya kulipia ni ya mtu mwingine. Alikaa chini kwenye kiti cha wateja akashindwa kuongea. Huu, kwangu, ni uchungu mkubwa kuliko kukataliwa, maana aliyekukataa amekuachia chako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda tangu alipoandika, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini kuthibitisha ni kazi nyingine. Tumekwenda naye kuanza taratibu za kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kila sura sasa ina jina lake na namba yake katikati ya aya, ndani ya maneno yenyewe, si juu wala chini ambako mtu anaweza kukata. Msusi wa hadithi sasa ana tabia ya kutaja namba ya simu ya saluni anapoagana na wateja, na namba hiyo ni ya Dada kweli. Wasomaji wamelipenda.

Akitaka kukifanya kitabu cha karatasi, ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Mwalimu, pamoja na kutopenda kwake, ndiye aliyekwenda kuulizia pale maktaba ya mkoa.

Novemba

Hali ilivyo.

Mswada wa Mwalimu umerudi tena, S, kwa maneno ya heshima sana. Hajabadilisha hata nukta. Ameutoa kwenye bahasha moja akauingiza kwenye nyingine mbele yetu, akaandika anwani mpya kwa mkono wake mzuri wa ubaoni. Nilimuuliza kama haumii. "Naumia, mwanangu. Ila sikuambiwa kitu cha kurekebisha."

Mdogo yuko mlimani. Mswada wake umekwenda kwa mhariri mwingine, safari hii na barua ya kwanza inayotaja sababu ya kuuleta kwa mchapishaji huyo na si mwingine. Hilo lilitoka kwenye ripoti ya Dada, aliyemwambia barua yake ya zamani ingeweza kupelekwa hata kwa muuza mitumba wa soko la Memorial.

Wangu: yule mhariri wa Machi nilimwandikia, nikamwambia nilichofanya kwa aya yake, nikaambatisha sura tatu mpya. Amejibu juzi. Anaomba mswada mzima. Hajasema ndiyo, na tumekubaliana hakuna kupika pilau kwa ajili ya "naomba nione". Lakini nilipoisoma kwa sauti sebuleni Dada alipiga kigelegele, na Mwalimu hakumzuia.

Kwenye kaunta buku mstari wangu una nafasi wazi. Nimebakiza sura mbili za mwisho kusafisha, ile ya mnada na ile ambayo binti anamwambia ukweli kuhusu namba kumi na nne. Dada amezichukua kuzisoma, ripoti yake ni Jumamosi. Nitatuma Jumatatu.